Redio ya Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi
Mashine ya kusafisha damu, saa nne nzima. Kipimo cha damu yangu ni saba; kinatakiwa kifike kumi au kumi na moja, kisizidi. Nesi alisoma karatasi akaguna. Figo zikifa, anasema, mwili hauambiwi tena utengeneze chembe nyekundu — ndiyo maana ngazi tatu tu zinanikata pumzi. Kaandika sindano ya kuongeza damu. Moja kwa wiki, nichomwe nyumbani. Moja tu, mama, akasisitiza! Damu ikipanda mbio inaganda, na wa kwanza kuziba ni mshipa wa mkono wa kushoto, ule uliounganishwa mwaka juzi ili mashine ipate pa kuingilia. Nikasema sawa. Sikuhisi kitu.

Jumanne, 4 Machi
Baba watoto kaweka sikio mkononi kwangu, kama kila asubuhi. Mshipa ukiwa mzima unavuma. "Redio iko hewani," akasema. Zamani nilikuwa nacheka. Halafu akanichoma tumboni, jicho moja kalifumba. Mbeba magunia mzima, sindano inamtoa jasho!

Jumatatu, 31 Machi
Damu tisa! Nimeshona sketi sita za shule bila kulala katikati. Nimesikia njaa. Njaa kabisa.
Utaratibu umebadilika: sasa manesi watachoma wenyewe pale pale kwenye mashine. Leo wamechoma. Za nyumbani nirudishe.

Jumanne, 1 Aprili
Baba watoto katoa sindano kwenye friji. Sikumwambia. Akachoma. Nilitaka tu kuendelea kuhisi kitu.

Jumanne, 8 Aprili
Jana kanichoma nesi. Leo baba watoto. Sketi kumi na moja.

Jumatatu, 21 Aprili
Damu kumi na tatu na nusu. Kichwa kinagonga. Presha juu. Nesi kaniuliza mara mbili, kuna dawa nyingine unatumia? Hapana. Kasimamisha sindano. Mashine ilikuwa inalia kila dakika, damu inapita kwa shida. Nimerudi nikalala na viatu.

Jumanne, 22 Aprili
Niliamka nikagusa mkono. Kimya. Nikagusa tena, juu kidogo. Kimya, na pamekuwa pagumu kama kamba. Nikaenda kukaa kwenye cherehani. Sikushona.
Baba watoto akaja na sindano yake, akaiweka mezani, akainama kusikiliza. Akakaa hapo muda mrefu. "Hebu zima cherehani nisikie vizuri."
Cherehani ilikuwa imezimwa.
Nikamwambia imezimwa. Akasikiliza tena, hakuniamini — alihamisha sikio, akabana pumzi. Sasa anavaa viatu, kafunga kamba ovyo. Kapiga simu hospitali, wamemjibu: njooni sasa hivi, pengine patazibuka. Anasema tubebe na boksi la sindano, nesi aone kwamba hajakosea hata wiki moja. Hajaruka hata moja, anarudia, amehesabu.
Naogopa. Naandika haraka. Yuko mlangoni, boksi kwapani, ananiita —