Zamu Zisizotulia

Jumatatu, 2 Juni

Vipindi vya kompyuta, kisha kusahihisha. Alasiri nikachapisha upya zamu za mtambo wa kumenya kahawa. Karatasi niliyobandika Jumamosi ilichanika. Vikundi ni vile vile vinane vya wakulima wa Nyaishozi. Programu ni ile ile niliyoiandika mwenyewe. Jumamosi kikundi cha mama kilikuwa cha kwanza. Leo ni cha tano. Sikugusa hata herufi. Sielewi.

Jumanne, 3 Juni

Nimeiendesha tena na tena. Kila mara kinatangulia kikundi kingine. Majina niliyaingiza kwa utaratibu tuliokubaliana: waliojiandikisha mapema watamenya mapema. Kwa utaratibu huo, kikundi cha mama ndicho cha mwisho. Nimefuta mabaki ya ujenzi wa awali, nimeijenga programu upya, nimerudi hata kwenye toleo la zamani la kompaila inayotafsiri msimbo. Hakuna kilichotulia.

Mwenyekiti wa vikundi, Mzee Byabato, aliingia ofisini na karatasi mbili zinazopingana. "Mwalimu, kompyuta yako imelewa rubisi?" Walimu walicheka. Nami nilicheka. Sikufurahi.

Jumatano, 4 Juni

Maneno yamefika sokoni. Karatasi ya Jumamosi ilifuata makubaliano yote, isipokuwa kikundi cha mwisho kilirukia mbele. Kwa hiyo, wanasema, mwalimu alimpendelea mama yake, kisha akaona aibu. Ningekuwa mimi, ningeamini hivyo hivyo. Niliibandika bila kuisoma.

Mtambo utawashwa Jumatatu. Kahawa ya mama imekwisha kuwa nyekundu pyu. Haitangoja zamu ya mwisho. Nina hasira na kitu kisicho na nafsi. Ni upuuzi. Nina hasira hata hivyo.

Alhamisi, 5 Juni

Mtandao hakuna. Nikafungua msimbo wa lugha yenyewe niliyoiandikia programu. Maktaba sanifu na mitambo yake ya ndani vyote vimo kwenye kompyuta, wazi kwa anayetaka kusoma. Nimevitumia miaka mingi bila kuchungulia.

Majina niliyahifadhi katika kamusi, muundo unaounganisha kila jina na taarifa zake. Nimeufuata msimbo hadi mahali kamusi inaposomwa. Pale, kabla ya kutoa jina la kwanza, huokotwa namba ya bahati nasibu. Nikarudia kusoma. Si hitilafu. Waliounda lugha wameiweka kwa makusudi.

Nikatandaza karatasi zote mezani. Ni utaratibu ule ule tuliokubaliana, ukizunguka kama mduara. Kinachohama ni mwanzo tu.

Kwa nini mtu mwenye akili timamu avuruge kitu kilichotulia?

Ijumaa, 6 Juni

Jibu ninaloliona: kamusi haikuahidi utaratibu wowote. Wameivuruga ili mtu asije akautegemea utaratibu aliouona kwa bahati tu. Huruma ya ajabu. Bado inanichanganya.

Nimeyahamishia majina kwenye orodha ya kawaida, inayotunza mpangilio. Mistari michache. Zamu zimetulia. Mama ni wa mwisho.

Nilikaa mbele ya skrini muda mrefu. Karatasi ya Jumamosi ningeweza kuitetea. Hakuna ambaye angefungua msimbo.

Jumamosi, 7 Juni

Nimesimama mbele ya mkutano wa vikundi. Niliiendesha programu ya zamani mbele yao, kila mara mwanzo mwingine, kisha ile mpya. Nilisema kosa ni langu.

"Kwa hiyo haikulewa," alisema Mzee Byabato.

"Haikulewa, Mzee. Mimi ndiye niliyeidai jambo ambalo haikuniahidi."

"Basi mlevi ni mwalimu!" alidakia mama mmoja nyuma. Walicheka, na safari hii kicheko hakikuniuma. Karatasi mpya ilipita. Mama hakucheka. Alikuwa akifungua na kufunga fundo la kitenge.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya ibada nilikwenda nyumbani kwa mama. Shikamoo, marahaba. Tukachuma kahawa iliyokwisha kuiva na kuianika na maganda yake. Itauzwa bei ya chini. Wote wawili tunajua.

Nilimweleza tena kamusi, bahati nasibu, mduara. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo hakuna aliyeniweka mbele."

"Hakuna, mama."

Alisawazisha kahawa kwa kiganja, taratibu, hadi ukingoni mwa mkeka.

"Mimi nilidhani ni wewe," alisema. "Nilikuwa nimekushukuru kimoyomoyo."

Jua lilikuwa kali. Tukageuza upande wa pili.