Nafasi Moja ya Kupakia Magunia

Jumatatu, 2 Machi
Pushapu thelathini. Kisha vyuma. Vyuma vyenyewe ni madebe mawili ya rangi yaliyojazwa saruji, bomba katikati. Saruji rafiki yangu Kasian aliiomba kwa mafundi wanaojenga kanisa la kigango. Tunanyanyua nyuma ya kwao, mmoja ananyanyua, mwingine anahesabu.

Usaili tarehe 26. Ghala la kahawa linataka mpakiaji mmoja. Mmoja tu. Mimi na Kasian sote tumejiandikisha na hatujalizungumzia. Magunia kumi ya kilo sitini, kutoka sakafuni, kupanda ubao, mpaka juu ya lori. Mwaka jana nilidondosha la tatu. Walicheka hadi wanawake wanaochambua kahawa.

Nina miaka ishirini na sita na bado nakula jasho la mama. Naogopa.

Jumatano, 4 Machi
Kasian ameona kwenye simu unga wa kujenga misuli. Kopo lina picha ya mtu asiye na shingo. Bei tuliicheka tu. Sisi ni maharage asubuhi, maharage jioni, na usipa, dagaa wa ziwani ambao shangazi hututumia kutoka Mbamba Bay.

Shida ni Kwaresima. Mama anafunga, mlo mmoja kwa siku, na bakuli lake lingine analisukuma upande wangu. Najiona mwizi. Nakula.

Jumamosi, 7 Machi
Leo tumejaribu gunia la kweli, mahindi ya baba yake Kasian, kupanda kilima cha nyuma ya banda la nguruwe. Mikono ilikubali. Miguu ilikataa. Safari moja, nikaketi. Kasian mbili.

Mama alikuwa anapita na jembe. Akasimama, akatutazama.

"Mmejenga mikono ya kupigia picha."

Imeniuma kwa sababu ni kweli. Siku kumi na tisa zimebaki.

Jumatatu, 9 Machi
Msimu wa ngoro. Kazi yangu ya kiume niliimaliza wiki iliyopita: kufyeka, kupanga nyasi miraba miraba mteremko mzima. Kuchimba shimo katikati ya kila mraba na kufukia nyasi kwa udongo ni kazi ya wanawake. Ndivyo tulivyokuta. Mwanamume akionekana anachimba ngoro, watauliza amelishwa nini.

Leo nimekaa nikamtazama mama. Miaka hamsini na minane. Kiuno chini, miguu imekita, udongo unaruka. Mashimo tisa. Halafu akajitwika kuni akapanda nazo kilima kizima, anaongea njia nzima. Sisi tunahesabu pushapu.

Jumanne, 10 Machi
Nimemwomba jembe la pili. Alinitazama kama nimemwomba gauni.

"Ukungu ukiwepo tu," akasema. "Ukiinuka, na wewe uinuke."

Shimo moja. Mgongo, mapaja, kila kitu kinawaka moto. Nimetapika.

Jumamosi, 14 Machi
Siku ya tano. Mashimo sita.

Nusura niumbuke. Mwanamke mmoja wa ng'ambo ya bonde aliwahi shamba, akaanza kumsalimia mama kwa sauti. Nikalala kifudifudi ndani ya shimo mpaka salamu zikaisha. Na salamu za huku haziishi. Mwanamume mzima.

Jioni Kasian akauliza mbona natembea kama mzee. Nikasema nimeteleza. Ningeweza kumwambia. Ni aibu tu.

Jumatano, 18 Machi
Gunia tena. Mimi safari saba. Kasian nne. Akafurahi kwa ajili yangu, mjinga yule, akanipiga begani. Akauliza nakula nini siku hizi. Nikasema usipa.

Nimejichunguza. Si aibu tena. Nafasi ni moja, ndiyo maana sisemi.

Jumapili, 22 Machi
Foleni ya kitubio ilikuwa ndefu. Nikabakiza watu wawili, nikatoka. Ningeanzaje? Padri, nimechimba ngoro? Kasian aliingia, akakaa muda mrefu. Sijui ana dhambi gani yule.

Jumatano, 25 Machi
Nimekwenda chooni mara tano. Kesho.

Alhamisi, 26 Machi
Nimepata.

La tatu lilipita. La nane nikaona giza, nikashusha kiuno, nikakita miguu, nikapanda. Kumi.

Kasian aliishia la sita. Ubao ulimshinda, gunia likaanguka, likapasuka. Wanawake wakacheka, wale wale. Alipiga magoti akaizoa kahawa yote kwa viganja, hakuna aliyemsaidia. Na mimi sikumsaidia. Nilikuwa natia sahihi.

Naanza baada ya Pasaka. Nilidhani nitafurahi.

Ijumaa, 27 Machi
Kasian amekuja na chana la ndizi. Kunipongeza. Tukakaa nje, mama anafagia uwanja.

"Mwanangu, hebu sema. Siri ni nini?" Kasian akauliza.

Nikamwambia. Yote. Jembe, ukungu, siku niliyolala shimoni. Nikamwambia nilimficha makusudi, kwa sababu ya nafasi.

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Wewe? Ngoro? Toka hapa!"

Nikaapa. Akazidi kucheka. Nikamgeukia mama, nikamwambia, mama, mwambie.

Mama aliacha kufagia.

"Usimsikilize, baba," akamwambia Kasian. "Anakutania."

Akaendelea kufagia. Najua alikuwa ananilinda.

Mwakani Kasian anajaribu tena, amesema. Aliondoka akicheka, nikamsikia mpaka kwenye kona. Sikumwita arudi.