Mke Wangu Ameshuka Hadi Namba Ishirini na Moja

Mama Nyarangi mpendwa,

Bwana asifiwe. Nakuandikia nikiwa na aibu na kicheko pamoja, unisaidie kabla nyumba yangu haijanishinda. Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Rongo, shule niliachia darasa la nane, na shida yangu ilianzia kwa duka la Suleman, rafiki yangu anayeuza masufuria, ambaye runinga yake haijui kitu kingine ila tenisi ya wanaume, na siku moja mvua ikanishikilia hapo nikauliza huyu kijana namba moja wa dunia alichaguliwa na nani, Suleman akacheka.

"Mwalimu, hapa hakuna kura! Ni pointi. Bingwa wa yale mashindano manne makubwa anapata elfu mbili, mengine elfu moja, mia tano, mia mbili hamsini. Kila Jumatatu orodha inatoka upya."

"Na zinakaa milele?"

"Wapi! Mwaka ukiisha zinaanguka. Lazima urudi ushinde tena."

Mama, nilitembea kwenda nyumbani kama mtu aliyeonyeshwa maono, kwa sababu kwaya yangu ilikuwa na watu thelathini na moja kwa daftari na kumi na wawili kwa benchi. Jumatatu iliyofuata nikabandika orodha kwa mlango wa kanisa: kongamano la Pasaka elfu mbili, matanga elfu moja, Jumapili mia tano, mazoezi ya Jumatano mia mbili hamsini. Wueh! Miaka miwili sasa watu wanakuja hata mvua ikinyesha, Bonface wa besi tuliyekuwa tunamwona Krismasi tu anafika kabla ya mwenye ufunguo, na Monicah, ambaye hakosi matanga hata ya watu asiowajua, ndiye namba moja, ingawa sauti yake, Mungu anisamehe, huwa inamaliza wimbo kabla yetu.

Sasa kuna mashindano ya kwaya Homa Bay na wanataka waimbaji ishirini tu, nikatangaza kwamba orodha ndiyo itaamua, kama kule kwa tenisi, wote wakasema amina. Lakini mke wangu Jedidah, alto yetu bora, aliyekuwa namba tatu, Januari alienda Magunga kumuuguza mama yangu, akakaa miezi saba akimwogesha na kumlisha, na mama sasa anatembea, utukufu kwa Mungu, lakini Pasaka ilipita, pointi za mwaka jana zikaanguka, za matanga zikafuata, na Jumatatu hii kwa mkono wangu mwenyewe nikaandika: Jedidah, ishirini na moja.

Hajanitukana. Nikiingia nyumbani anasema, "Karibu Mwalimu, namba ishirini na moja amepika samaki. Mwambie Monicah akuje akupakulie." Nikamwambia, "Min Lorine," ndivyo namwita, yaani mama wa Lorine, "hata mabingwa wa dunia wanashuka." Akaniuliza, "Na hao mabingwa, walikuwa wanaogesha mama ya nani?" Binti yetu Lorine alicheka mpaka akatoka nje.

Nikimpandisha, Irine wa namba ishirini anatoka, na watu watasema napendelea mke, orodha itakufa. Na Mama, nikuambie ukweli, naipenda hiyo orodha, Jumatatu asubuhi roho yangu inaruka kama ndama. Majina yanatakiwa wiki ijayo. Nifanye nini?

Willis, Rongo

*

Willis ndugu yangu,

Nimecheka mpaka wenzangu hapa gazetini wakaja kuangalia kama niko salama. Halafu nimesoma tena nikakasirika. Kujaza kwaya siku ya mvua ni baraka, hiyo sikunyimi. Lakini wewe ulisikiliza tenisi mpaka mvua ikakatika, ukaondoka na nusu ya sheria!

Mimi naifuata tenisi miaka mingi. Mchezaji akiumia akakaa nje miezi sita au zaidi, anaweza kuomba namba iliyolindwa. Wanachukua wastani wa namba zake za miezi mitatu ya kwanza alipokosa kucheza, na akirudi anaingia nayo mashindano kadhaa. Hapewi pointi hata moja ya bure. Anafunguliwa mlango tu, kisha acheze. Sasa fungua daftari lako, Januari mpaka Machi, kabla Pasaka haijamwangusha. Jedidah alikuwa namba ngapi? Nne? Tano? Hiyo ndiyo namba yake ya kuingilia Homa Bay.

Itangaze Jumapili mbele ya wote, iwe sheria ya kila anayeuguza, aliyejifungua, aliyelazwa, siyo ya mkeo peke yake. Kabla ya hapo nenda kwa Irine, umweleze mwenyewe, kwamba yeye ni wa kwanza kwa akiba: mtu akijitoa, anaingia. Hiyo pia ni tenisi.

Lakini mke wako hakukasirikia namba, Willis. Alikuwa anabeba mama yako, na wewe ukaandika kwamba hayuko mazoezini. Ulienda Magunga mara ngapi katika hiyo miezi saba? Barua yako ndefu hivyo, hilo hukuliandika.

Leo mwambie pole, umwambie asante, na tenisi usiitaje hata kidogo. Ukishatangaza na kupeleka majina, funga mkoba wako uende ukae na mama yako wiki moja, na fimbo ya mwalimu umwachie Jedidah aongoze mazoezi. Ndiyo, Jumatano utakosa. Usijali, hakuna atakayekuandika.