Jicho la Baba Salma

Jumatano. Mawingu yametanda Bagamoyo tangu asubuhi na mvua hainyeshi. Nina hasira isiyotaka kutulia.

Kwa wasiomjua, mume wangu, Baba Salma, alikuwa mchezaji wa kulipwa wa snuka, ule mchezo wa kusukuma mipira mashimoni mezani kwa fimbo. Alicheza nje kwa miaka kumi na moja. Kisha akarudi nyumbani akaniambia jicho la kulia limeingia ukungu na la kushoto linachoka upesi, daktari amemkataza kucheza. Nikamwamini. Miaka minane nimemsomea barua, nimemshika mkono akivuka barabara.

Mwezi uliopita nilianza kumshuku. Kila Jumatano huniaga kwamba anakwenda Kerege kumjulia hali rafiki yake, Bwana Kanji, mfanyabiashara aliyestaafu, anayemtumia gari. Anarudi na vumbi la buluu vidoleni. Mashati yake ya mashindano nilikuwa nayafua mimi kila aliporudi likizo. Chaki ya kupaka ncha ya fimbo ya snuka naijua.

Leo nilimfuata kwa bodaboda.

Bwana Kanji alinifungulia mlango, akababaika. "Karibu, shemeji. Ngoja nimwite."

Sikungoja. Hata salamu sikumpa. Nikapita hadi chumba cha nyuma, kwenye meza kubwa ya kitambaa cha kijani. Baba Salma alikuwa ameinama, fimbo chini ya kidevu. Akaupiga mpira mweupe, na mwekundu uliokuwa mbali kabisa ukaingia shimoni bila kugusa kingo.

Jicho bovu halipigi vile.

Akaniona. Akailaza fimbo mezani taratibu.

"Mama Salma, jicho halina kitu," akasema. "Halijawahi kuwa na kitu."

"Na daktari?"

"Hakuna daktari. Nilianza kuogopa. Ikibaki mipira miwili mitatu, watu wananyamaza, mkono unakufa ganzi. Nikashindwa mechi baada ya mechi. Ningekuambiaje?"

Woga wake ningeubeba. Kilichoniuma ni ule mkono niliokuwa naushika barabarani, na kumbe mwenyewe anaona kila gari.

Njiani kurudi nilimuuliza kama kuna jingine alilonificha.

"Hakuna," akasema, hata sijamaliza swali.

Sasa yuko barazani anasoma gazeti, waziwazi, bila miwani. Namtazama kupitia dirisha. Nataka kumwamini, na kila nikikaribia kufanya hivyo najiuliza: mtu aliyeweza kujifanya nusu kipofu miaka minane kwa sababu ya aibu, angeshindwa kujifanya nini kingine?