Kiwiko cha Kupimia Njegere

Jumapili, 2 Machi
Mke wangu kanionyesha chupa ya mbegu. Kwa kidole cha mkono mzima — wa kushoto bado umelala, na ulimi pia, tangu kiharusi. Ni njegere za marehemu mama yake. Dukani hazipo, kwa jirani hazipo. Zimebaki konzi mbili. Kila mwaka huzipanda mapema, ili zitoe maua kabla ya joto.
Nimemwambia, tulia bibie, mimi nipo. Akafumba macho. Amenitumaini, au amekata tamaa? Nisingemlaumu.

Jumatatu, 3 Machi
Nimetoka bekari mbio. Nikaingiza mkono udongoni — wala hauna baridi! Nimepanda konzi nzima. Nimejipongeza, maana nani mwingine angenipongeza.

Alhamisi, 13 Machi
Mvua tangu juzi. Leo jalidi, umande umeganda barafu, bustani nyeupe kama meza yangu ya kukandia unga. Hakuna hata chipukizi.

Jumanne, 18 Machi
Uvumilivu umenishinda, nimefukua. Zote ute mtupu.
Shemeji, mdogo wake mke wangu, kanikuta nimepiga magoti matopeni. Kauliza nasali au nimeangusha jino. Nikasema mbona nilipima kwa mkono. Kacheka hadi kashikilia uzio. "Mkono gani, shemeji? Huo unaotoa trei tanurini bila kitambaa? Huo hausikii moto, utasikia baridi?"
Kumbe dada yake hupima kwa kiwiko, kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Basi pima wewe, nikamsihi. Akaacha kucheka. Baridi ipi ni ya kupanda na ipi ni ya kuozesha, mama yao alimfundisha mkubwa peke yake.

Ijumaa, 21 Machi
Mke wangu ameiona chupa imepungua. Kageukia ukuta. Uji hataki, mzaha hataki — na mimi sina kingine! Jirani anasema nikichelewa, joto litachoma maua. Mapema zinaoza, baadaye zinakauka. Nimebanwa kama ulimi katikati ya meno.
Nimelia jikoni, bomba nimelifungulia nisisikike. Zee zima.

Jumamosi, 29 Machi
Wiki nzima uji vijiko viwili vitatu tu. Nikachota udongo wa bustani kwenye beseni, mbio hadi kitandani kabla haujapata joto la nyumba. Shemeji: "Mashuka yangu! Nimeyafua jana!"
Nikampandisha mke wangu mkono wa gauni, ule wa kulia. Akanisukuma. Akajishika mkono uliolala, akauinua kama mzigo wa mtu mwingine, akazamisha kiwiko chake.
Nikasema, bibie, huo hausikii. Shemeji akaninong'oneza nifunge mdomo — siku zote ni wa kushoto, na mama yao vilevile.
Kafumba macho. Naandika nikiwa nimekaa kando yake, chupa mapajani, mfuniko wazi. Kakunja uso. Baridi? Au uchungu tu?
Udongo umesogea kidogo pembeni mwa kiwiko. Shemeji anasema nimegusa beseni kwa goti.
Sijaligusa.