Mdomo wa Kopo

Jumanne, Moshono

Bado ukingo wa hili kopo la juisi ninalolibuni kazini unanikera. Nimeuchora upya, nimeukunja, nimepanua tundu. Leo Neema wa ofisini amejaribu sampuli. "Sasa juisi hainimwagikii kidevuni," akasema, "ila mdomoni bado ni baridi."

Neno hilo nimerudi nalo nyumbani.

Kwetu mlimani, mama hakumpa mtu kata, kibuyu cha kunywea, ya pombe ya ndizi kabla hajaonja yeye. Ndiyo heshima ya mwenye nyumba. Kisha aliigeuza upande ule ukuelekee, nawe ukanywea palepale alipoweka midomo yake. Palikuwa na joto.

Tangu tumzike sijanywa hivyo.

Usiku huu nimelikumbatia kopo kwa viganja mpaka ubaridi ukaliisha, nikanywa. Ni joto la mikono yangu tu.