Mbao Yenye Haikufika Nyumbani

Kamina, tarehe 8 novemba 1953

Kwako Yaya Germaine, mukubwa wangu,

Unisamehe mbele hata ya salamu. Barua yako ilifika wakati ya vumbi, na sasa mvua inapiga mabati kila mangaribi na minyi bado sijakujibu. Haikuwa uvivu, na mutoto hakukuwa mugonjwa. Nilikuwa na neno moja mu roho, na singeweza kukuandikia nusu yake. Leo najua mwisho wake, njo maana nimekaa ku meza. Kyungu amelala, na sahani inaningojea mu beseni.

Habari yenu wote? Shemeji iko muzuri? Na mukono wako wenye uliungua na mafuta, ngozi imerudi? Huku tuko wazima, tunamushukuru Mungu. Nachoka tu, Yaya. Kyungu anatembea, anakimbia, anaanguka, anasimama bila kulia. Anasema “mama,” anasema “ya minyi,” na anasema “hapana,” na ile ya mwisho njo anaipenda kupita.

Uliniuliza zawadi gani utume ku Saint-Nicolas, sikukuu ya batoto ya desemba. Ulisema kule Élisabethville mu magazini iko namna mbili: boksi ya chuma, na vis, ile misumari ya kuzungusha, ya kufunga daraja ya kuchezea, na boksi ya miti ya kujenga nyumba. Ile ya chuma uiache kwa batoto yenye inaenda masomo. Juzi juzi Kyungu aliingiza kifungo ya shati mu pua, tukamushika miguu na mikono mpaka infirmier wa hospitali akaitosha inje. Ukimupa vis, atakula vis. Nilienda hata kwa Mugereki wa magazini ya hapa, akanionyesha mbao ya rangi nyekundu, nzuri ya kuangalia. Nikalamba kidole, nikasugua, na wekundu ikabaki ku kidole. Nikamurudishia. Akasema minyi niko mwanamuke wa mashaka. Nikamujibu ya kama mutoto wa umri ile hajengi na mikono tu, anajenga na kinywa pia.

Basi nilitaka kukuandikia: boksi ya miti, moja. Nilitia nguvu ku ile moja, kwani unakumbuka zile kofia mbili zenye ulituma kisha kilio ya Kabange wetu, mwenye alizaliwa pamoja na Kyungu. Bwana yangu Malachie alinilazimisha kutoa moja kwa mutoto wa Abigaïl, jirani. Alisema mapasa mumoja akikufa, amekufa, na nyumba ya Mukristo haivalishi wafu. Alikataza bantu baniite tena Mama Mapasa. Kutoka siku ile banasema Mama Jean, jina ya ubatizo ya Kyungu. Nilijificha nyuma ya jikoni nikalia, halafu nikatii. Sikutaka vita ingine.

Lakini mbele nishike kalamu, Malachie mwenyewe akasema magazini ya nini, yeye iko seremala wa atelier ya reli, kule banatengeneza mavagon, mabaki ya mbao iko mingi, atamuchongea mutoto. Nikafurahi. Kweli alianza kuleta: bipande ya ukuta, kubwa kupita ngumi ya Kyungu, pembe zote amezungusha, amesugua mpaka laini kama sabuni, halafu mawese kidogo juu. Hakuna rangi, hakuna musumari. Mutoto alikuwa anajenga, anapiga kofi moja, yote inaanguka, anacheka, anatuangalia tujenge tena.

Siku moja nilimupelekea bukari na mboga ku kazi. Juu ya meza yake nikaona mbao mbili ya upinde, kama mulango ya kanisa, sawasawa kama macho ya muntu moja. Mangaribi akafika nyumbani na moja. Nikauliza ingine iko wapi. Akasema ilipasuka. Sawa, muti inapasuka. Lakini kisha pale nikaanza kupita ku atelier hata bila bukari, kuangalia tu. Mapaa ilikuwa mbili, ikafika moja. Ngazi ilikuwa mbili, ikafika moja. Kila mara jibu njo ile: ilipasuka. Yaya, muntu wenye wazungu banaita kutengeneza milango ya mavagon ya bakubwa, leo mbao inamupasukia nusu kwa nusu?

Na siku ya Mungu nayo ikabadilika. Kisha ibada alikuwa anachelewa, asema mukutano ya mashemasi, kwani banataka kumuwekea mikono ku Noeli awe shemasi. Koti yake hakutaka tena niipige brosi, alikuwa anaivaa mwenyewe haraka. Nikaona kama koti ile inatoka nyumbani nzito na inarudi nyepesi. Usingizi ilipotea.

Nikafanya kosa ya kumuambia Abigaïl. Unamujua, kinywa yake haina kizibo. Akacheka na meno yote, akasema: “Mama Jean, seremala akichonga mbili, iko na nyumba mbili!” Halafu akasogea karibu, akaniambia niende nitembee kwa Lucienne, ule mujane anauzisha munkoyo ya kunywa pembeni ya lupango, kiwanja ya atelier, niangalie mutoto wake Émile anatafuna nini.

Nilienda. Émile iko na umri sawa na Kyungu. Alikuwa amekaa ku mukeka, na mu kinywa yake ilikuwa upinde ya bwana yangu. Yaya, nikageuka. Nyumbani nikafunga kifurushi: nguo ya mutoto, bikwembe yangu, na ile sufuria ulinipa ku ndoa. Nikauliza kamyo ya kwenda kwetu Kabongo inatoka siku gani. Nilisema: narudi kwa mama, Malachie ajenge na wenye anajengea.

Lakini kamba ikiwa bado mu mikono, nikakumbuka neno ya mama, ya kama mwanamuke hahami nyumba juu ya neno ya jirani. Kesho yake nikarudi kwa Lucienne, mutoto ku mugongo, na nikamuambia wazi yenye ilinileta. Aliweka kata yake chini, akacheka mpaka akakaa. Asema: “Bwana yako? Ule mwenye anakunywa kikombe moja na anaomba Mungu mbele kama amealikwa karamu? Mama, kamata mbao yako na amani yako!” Akatosha upinde mu kinywa ya Émile, akanionyesha. Ilikuwa imepasuka kutoka ncha mpaka ncha. Malachie aliitupa ku lupango, na mutoto, meno inamuuma, akaiokota. Ile moja, kumbe, alikuwa amesema kweli.

Nilisikia haya. Lakini Lucienne akapanguza macho, akasema na sauti ingine ya kama minyi nafuata mbao kwa banamuke bule. Mbao yenye haikupasuka, yeye anaiona kila siku ya Mungu, inapita mbele ya mulango yake mu mifuko ya koti. Kwake haisimami. Inavuka reli, inaenda.

Nikangoja siku ya Mungu. Kisha wimbo ya mwisho nikamubeba Kyungu, nikamufuata baba yake kutoka mbali. Alivuka reli. Alipita tanki ya maji. Nyumba ya muzee wa mashemasi iko upande wa kuume, hakugeuka. Nikasema mu roho: sasa nitaona mulango yake. Halafu nikaona njia yenye alikamata, na njia ile haina nyumba. Iko na makaburi tu. Kutoka siku tulimuzika Kabange sikukanyaga pale. Malachie alisema bantu ya imani haitembelei mavumbi.

Alikuwa amechutama ku kaburi ya mutoto wetu. Koti iko chini ku majani. Juu ya udongo ilikuwa nyumba ya mbao: ukuta, upinde ingine mupya kwa nafasi ya ile ilipasuka, paa, ngazi, sawasawa na ile iko ku mukeka yetu. Alipuliza siafu kutoka ku paa. Akatosha mu mufuko kigari kidogo ya magurudumu, ndugu ya kile alimupa Kyungu mangaribi ya jana yake, akakiweka ku mulango. Na nikasikia anasema polepole, kwa Kiluba ya kwao Mulongo, ya kama: kamata na weye, ndugu yako amekwisha kupata yake.

Kyungu akaona mbao. Akalalamika ku mugongo yangu na nguvu yote: “Ya minyi!”

Malachie akageuka, na uso yake ilikuwa ya muntu banakamata ku shamba ya wengine. Nikamushusha mutoto. Alikimbia, akapiga kofi moja, na nyumba ya ndugu yake ikaanguka. Akacheka, akatuangalia.

Njo pale bwana yangu alikaa ku majani akaniambia yenye hakuniambia ku uchumba wala ku ndoa. Yeye naye iko mapasa. Mwenzake alikufa angali bado ananyonya. Mama yake alikuwa anaweka sahani mbili kila chakula, na nguo mbili, moja ya ule alikufa, namna ya bankambo, bazee ya zamani. Halafu akabatizwa, akatosha sahani ya pili, na jina ya mapasa bakaifuta. Asema alikuwa mudogo, lakini alijua. Kutoka siku ile mpaka leo, akikula anaona kama anakula ya mwenzake, na hashibi. Hakutaka Kyungu akue na njaa ile. Na kwa mashemasi aliona haya, na kwangu aliona haya kupita, kwani yeye njo alinikataza.

Nilimuhurumia, Yaya, lakini sikumeza neno yangu. Nilimuambia: “Malachie, mbao hainiumizi. Yenye inaniumiza ni kofia ulinitosha mu mikono, na jina ulinitosha, halafu unakuja hapa peke yako kulia mutoto wenye nilizaa minyi. Ulijiwekea kilio yote, minyi ukaniachia kufagia maranda ya mbao.” Akainamisha kichwa. Akasema bakijua, hawatamuwekea mikono. Nikasema: bakuwekee mikono, lakini bajue yenye iko mu mifuko yako.

Tukajenga ile nyumba tena, bote batatu. Jumatano akaenda mwenyewe kwa wazee, akasema yote. Bado hawajamujibu, na anakula kidogo. Usiwaze kama mashaka imenitoka kabisa: jana alichelewa, na nikanusa koti. Ilinuka mawese na maranda, basi. Kifurushi nimefungua, kamba nimeiweka, sijaitupa.

Usimulie haya kwa shemeji ukipenda, lakini kwa mama nitasema minyi mwenyewe. Umusalimie shemeji na batoto, umushike kila moja kichwa kwa ajili yangu. Malachie anakuamkia kwa heshima. Abigaïl hajui kitu, na akae vile.

Bintu yenye nahitaji bado, uweke kwa treni mbele ya Saint-Nicolas:
Uzi mweupe na sindano ya mukono, ya kati.
Sabuni ya mutoto, ile haiumi macho.
Maziwa ya unga, mukebe moja kubwa.
Kofia ya bluu ya kamba nyeupe, moja tu, kama zile za kwanza. Ingine Kyungu iko nayo.
Boksi ya miti ya kujenga, bila rangi, bila musumari, kila kipande ipite ngumi ya mutoto. Uchague mbili, Yaya. Sawasawa, hata kifuniko.

Ni minyi mudogo wako,
Valérie,
Mama Mapasa